Ng’ang’a akitoka Ngâ€™angâ€™a, kosa liko wapi?

*“Nimeandika programu ya Python kwa ajili ya ushirika wetu wa maziwa hapa Murang'a. Kila jioni inatoa orodha ya wafugaji na lita walizoleta. Kwenye skrini ya kompyuta yangu ya Windows majina yote yanatoka sawasawa. Lakini karani akibofya faili ya CSV ikafunguka kwenye Excel, Ng’ang’a anasomeka Ngâ€™angâ€™a. Kwenye printa ya risiti anatoka NgΓÇÖangΓÇÖa. Juzi tumemsajili mama mmoja anayeandika jina lake Mũthoni, na usiku huohuo ile kazi inayomwaga matokeo kwenye faili kwa alama ya > ikakatika njiani na kuandika UnicodeEncodeError. Mwenzangu mmoja ananiambia niweke errors="ignore" yaishe. Mwingine anasema nifute ritifaa zote, yaani hizi alama za ’, eti Kiswahili hakina haja ya herufi za ajabu. Programu ni moja na majina ni yaleyale. Kwa nini yanaharibika kila mahali kivyake?”*

Pole na kazi, ndugu yangu. Umefanya jambo moja la maana sana: umenakili yale maumbo mabovu kama yalivyo, badala ya kuniambia tu kwamba “yanatoka vibaya”. Maumbo hayo ni nyayo. Nikiona â€™ najua nani kapita, na nikiona ΓÇÖ najua ni mwingine.

Nikutoe hofu kwanza. Kwa haya uliyoyaeleza, majina yako hayajaharibika. Excel na printa zote mbili zinapokea namba zilezile, ila kila moja inazisoma kwa jedwali lake. Kilichokatika usiku kina sababu yake tofauti kidogo, nayo nitaifikia.

Programu haitumi herufi. Hakuna waya duniani unaopitisha herufi. Kinachopita ni baiti, yaani namba kati ya 0 na 255, na anayepokea ndiye anayeamua namba hiyo ni herufi gani kwa kutazama jedwali alilonalo. Jedwali hilo ndilo tunaloliita usimbaji. Wewe unalijua tatizo hili tangu utotoni, ila kwa sura nyingine. Mwambie mgeni aliyezoea saa za Kizungu, “Njoo saa mbili.” Wewe umepika chai ya asubuhi, yeye anakuja jua likiwa limeshapita utosini. Ile mbili haikupotea njiani, ilifika salama salimini. Ila wewe unahesabu kuanzia mapambazuko na yeye kuanzia adhuhuri, na hakuna aliyetaja anatumia hesabu ipi.

Sasa tuishike ritifaa ya Ng’ang’a mkononi. Itazame vizuri: imepinda, haikunyooka. Katika Unicode, daftari kubwa linaloipa kila alama ya kila lugha namba yake, hiyo iliyopinda ni namba 8217. Namba hiyo haiingii kwenye baiti moja, kwa hiyo UTF-8, usimbaji unaogeuza namba za Unicode kuwa baiti, huigawa katika baiti tatu: 226, 128, 153. Hizo tatu ndizo programu yako inazoandika kwenye CSV, na ndizo inazotuma kwa printa.

Karani anapobofya CSV, Excel haina mahali popote pa kusoma kwamba hii ni UTF-8. Inachukua jedwali la kawaida la Windows za nchi nyingi, liitwalo 1252. Humo 226 ni â, 128 ni €, na 153 ni ™. Ziweke pamoja upate â€™. Printa nayo ikiwashwa huanza na jedwali 437, lililokuja na kompyuta ndogo ya kwanza ya IBM mwaka 1981. Humo 226 ni Γ ya Kigiriki, 128 ni Ç, 153 ni Ö. Basi ndiyo ΓÇÖ yako. Na Mũthoni je? Ile ũ ni namba 361, na UTF-8 huiandika kwa baiti 197 na 169. Ningeweza kubashiri bila kuona kwamba Excel itamwita MÅ©thoni na risiti itamwita M┼⌐thoni.

Twende kwenye kazi ya usiku, maana hapo ndipo wengi hupigwa chenga. Tangu Python 3.6, programu ikiandika moja kwa moja kwenye dirisha la amri la Windows, Python huikabidhi Windows herufi za Unicode zenyewe. Ndiyo maana skrini yako ni safi. Na ndiyo maana skrini yako ni shahidi mbovu: inapita njia ambayo hakuna mwingine anayeipita. Ukiweka >, dirisha linaondoka na Python inaelekezwa kwenye faili. Hapo inaiuliza Windows hutumia jedwali gani, inajibiwa 1252, inaanza kugeuza. Ritifaa iliyopinda ina kiti katika 1252, ni namba 146, kwa hiyo Ng’ang’a alikuwa akipita kila usiku bila kelele. Herufi ũ haina kiti humo. Kuna ã, ñ na õ kwa ajili ya Wareno na Wahispania, lakini ũ na ĩ za Kikuyu na Kikamba hazimo. Python ilipofika kwa Mũthoni ilikosa namba ya kuandika, ikasimama. Mimi kusimama huko nakuita uaminifu. Ingeweza kukudanganya.

Ona pia jambo ambalo halijakuuma bado: katika folda moja una CSV yenye Ng’ang’a wa baiti tatu kwa kila ritifaa, na faili ya usiku yenye Ng’ang’a wa baiti moja kwa kila ritifaa. Siku utakayoziunganisha, zitagombana.

Sasa ushauri uliopewa. Huyu wa errors="ignore" hakutakii mabaya, lakini hebu tuone anachokuletea. Kwenye jedwali 1252, neno ignore litaitupa ũ kimyakimya na kuandika Mthoni. Lisome kwa sauti. Linafanana kabisa na jina la Mwafrika Mashariki, na karani hatalishtukia, mweka hazina hatalishtukia, na mwisho wa mwezi mama huyu atakuwa na lita upande mmoja wa daftari na malipo upande mwingine. Ukilazimika kuchagua kati ya maovu, errors="replace" itaandika M?thoni, na alama ya kuuliza angalau inapiga yowe. Kwa faili za kumbukumbu ambazo ni wewe tu unazisoma kuna backslashreplace, inayoandika M\u0169thoni. Haipendezi machoni lakini herufi haijapotea, unaweza kuirudisha.

Huyu wa pili, wa kufuta ritifaa, ana nusu ya ukweli. Kiswahili sanifu kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na madoido, na zote zimo katika ASCII, jedwali la alama 128 lililotolewa mwaka 1963, ambalo karibu majedwali yote yaliyofuata yameliweka mwanzoni mwao. Ndiyo maana neno maziwa halikusumbui popote. Lakini ritifaa ya ng' si pambo. Ngara ni mahali, ng'ara ni kumeremeta. Ngoa ni tamaa au wivu, ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Na jina la mtu ni lake, si letu kulipunguza kwa sababu printa yetu ni ya zamani.

Kinachotuponza ni kwamba ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni namba 39 na imo ndani ya ASCII. Ungekuwa na hiyo tu, usingeniandikia kuhusu Ng’ang’a hata kidogo. Iliyopinda inaingia kwa mlango wa nyuma: karani anaandika jina kwenye Word, Word inaipinda yenyewe ili ipendeze, kisha anakili na kubandika. Simu nyingi hufanya vivyo hivyo. Nikifungua orodha ya wanachama ya chama chochote sishangai kukuta zilizonyooka, zilizopinda kulia, zilizopinda kushoto, na hata ile alama ya mkazo iliyo pembeni ya kibodi, zote zikisimamia ng' ileile. Ukimtafuta Ng'ang'a kwa iliyonyooka, kompyuta inakuambia hayupo.

Mimi ningeamua hivi: kwenye rejista ritifaa zote ziwe iliyonyooka, zikinyooshwa mara tu jina linapoingia, kabla ya kuhifadhiwa. Hilo si kufuta, ni kukubaliana juu ya umbo moja. Wapo wanaisimu watakaonisahihisha kwamba Unicode ina alama nyingine, namba 700, iliyotengwa kwa ritifaa zinazofanya kazi ya herufi. Wako sahihi. Lakini sijaona karani anayejua kuiandika, na printa yako haitaijua.

Kwa ũ na ĩ usinyooshe kitu, zihifadhi kama zilivyo. Ila hakikisha zina umbo moja. Kibodi nyingine huandika ũ kama alama moja, nyingine huandika u ya kawaida halafu alama ya wimbi ya kuielea juu, namba 771. Machoni ni kitu kilekile, kwa kompyuta ni majina mawili. Utazame ule ujumbe wa kosa: ukitaja \u0169, una umbo la kwanza, ukitaja \u0303, una la pili. Haya mawili yanamalizwa kwa pamoja:

import unicodedata
jina = unicodedata.normalize("NFC", jina)
for r in "\u2019\u2018\u00b4\u0060":
    jina = jina.replace(r, "'")

Sasa marekebisho ya kutoa maandishi. Shika jambo moja: ndani ya programu maandishi yabaki maandishi, na kila yanapotoka mlangoni utaje jedwali kwa jina. Usimwachie Python akisie, maana makisio ya kwenye kompyuta yako si ya kwenye kompyuta ya karani. Juu kabisa ya programu weka:

import sys
sys.stdout.reconfigure(encoding="utf-8")

Hii inafanya kazi kuanzia Python 3.7, na Mũthoni atapita. Njia nyingine ni kuiwekea Windows kigezo PYTHONUTF8=1, ambacho kinageuza pia faili unazofungua bila kutaja usimbaji. Mimi napenda ile ya kwanza kwa sababu inasafiri pamoja na programu. Kigezo husahaulika siku kompyuta inapobadilishwa. Tahadhari moja tu: kama kazi ya usiku inaendeshwa kwenye PowerShell ya zamani, yaani lile dirisha jingine la amri, toleo 5.1 linalokuja na Windows, alama ya > hupitisha maandishi mikononi mwake kwanza na kuyaandika upya kwa UTF-16, usimbaji mwingine kabisa. Utahangaika bure. Acha kabisa >, uandike faili ndani ya programu yenyewe kwa open("leo.txt", "w", encoding="utf-8").

Kwa Excel, badala ya utf-8 andika utf-8-sig:

open("leo.csv", "w", encoding="utf-8-sig", newline="")

Ile sig inaweka baiti tatu mwanzoni mwa faili, 239, 187, 191, ambazo Excel ikizikuta inajua ni UTF-8. Kuna gharama: programu nyingine isiyozitambua itaona ï»¿ mbele ya neno la kwanza, na kichwa cha safu ya kwanza hakitalingana na unachokitafuta. Kwa hiyo utf-8-sig iwe kwa faili zinazokwenda kwa karani tu. Zinazosomwa na programu nyingine zibaki utf-8.

Printa ya risiti ndiyo kazi yenyewe, na nitakaa hapo kidogo. Nyingi ya printa hizi ndogo hufuata amri za Epson, na hazijui UTF-8 kabisa. Zinajua majedwali ya alama 256, moja kwa wakati. Zinaanza na 437 mpaka uziambie vingine. Amri ya kubadili ni baiti 27, 116, kisha namba ya jedwali, na kwa Epson jedwali 1252 ni namba 16:

printa.write(b"\x1b\x74\x10")
printa.write(mstari.encode("cp1252", errors="replace"))

Mistari yote miwili ni lazima. Ukituma 1252 bila amri ile, printa itaisoma 146 kwa jedwali 437, na hapo Ng’ang’a anakuwa NgÆangÆa. Nimewahi kuona mtu akifurahi kwamba ametoka alama tatu hadi moja, akidhani anakaribia.

Printa za bei nafuu hazikubaliani na Epson kwenye namba za majedwali. Zima printa, bonyeza kitufe cha kusogeza karatasi na uendelee kukishikilia huku ukiiwasha. Nyingi zitatoa karatasi ya kujipima, na humo huwa wameorodhesha jedwali lipi lina namba ipi. Ukiona risiti inatoa herufi za Kichina, usidhani ina virusi. Imetoka kiwandani ikiwa katika hali ya Kichina, na inaunganisha baiti zako mbilimbili. Amri ya baiti 28 na 46 huitoa huko. Mimi duka moja lilinichukua mchana mzima kabla sijalijua hilo, na mteja akawa anawaonyesha watu ile risiti kama kioja.

Ukishanyoosha ritifaa, Ng'ang'a hatakuwa na tatizo kwenye jedwali lolote. Anayebaki ni Mũthoni, kwa sababu 1252 haina ũ. Hapa una njia tatu na hakuna iliyo bure. Ya kwanza ni kutafuta jedwali lenye herufi hizo. Wavietinamu wanatumia ĩ na ũ kama Wakikuyu, na baadhi ya printa zina jedwali lao. Likiwepo kwenye karatasi ya kujipima, lijaribu, lakini printa ikifa ukanunua ya aina nyingine unaanza upya. Ya pili ni kuchora jina kama picha kwa maktaba ya Pillow na kuituma picha hiyo. Hapo hakuna jedwali, kila herufi iliyomo kwenye fonti yako itatoka. Inachapa polepole zaidi, na asubuhi wafugaji wakiwa wamepanga foleni na madebe yao utaisikia tofauti. Ya tatu ni kuandika Muthoni kwenye risiti peke yake, bila kugusa rejista. Kama risiti ina namba ya mwanachama, na lazima iwe nayo, mimi ningeanza na hii ya tatu leo ili kazi iendelee, kisha nikajenga ya pili kwa utulivu. Lakini tangulia kumwuliza mwenyewe. Wapo wanaoandika Muthoni kwenye kitambulisho na hawana neno, na wapo wanaotaka alama yao ionekane.

Namba ya mwanachama nimeitaja kwa makusudi. Kama programu yako inaoanisha lita na malipo kwa kutumia jina, liache hilo kabla ya mengine yote. Jina lionekane, namba ndiyo ioanishe.

Kidogo tu kuhusu kupanga safu: karatasi ya milimita 58 kwa kawaida inabeba herufi 32 kwa mstari. Pima urefu wa jina kabla ya kuligeuza baiti. Ng’ang’a ni herufi 8 lakini baiti 12 katika UTF-8, na ukipima baiti, lita zake zitarudi kushoto nafasi nne kuliko za wenzake.

Je, kuna majina yaliyokwisha kuhifadhiwa yakiwa mabovu? Hutokea karani akifungua CSV kwenye Excel, akasahihisha lita, akahifadhi kama “CSV UTF-8”, nawe ukairudisha kwenye rejista. Jina likiwa Ngâ€™angâ€™a ndani ya rejista yenyewe, baiti zote bado zipo na linarudishika:

jina.encode("cp1252").decode("utf-8")

Ukikuta Ã¢â‚¬â„¢, limepitia mkasa huo mara mbili, na utarudia mstari huo mara mbili. Usiuendeshe kwa rejista nzima kwa mpigo mmoja. Majina mazima yenye ũ yatakataa na kuleta kosa, na hilo ni jema, ila ujiandae kuyaruka. Penye alama ya kuuliza hakuna dawa ya kompyuta: herufi haipo tena, na itabidi kurudi kwenye fomu za karatasi.

Hapo ndipo pa kutafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukikuta rejista ina mchanganyiko, mengine yameharibika mara moja, mengine mara mbili, mengine yana alama za kuuliza, na malipo ya mwezi yameshatoka kwa majina hayo, usikae nayo peke yako usiku. Mtafute mtu aliyewahi kusafisha hifadhidata, muwe na mweka hazina mezani, mpitie jina kwa jina mkiwa na fomu za usajili. Na printa isiyotii amri ya jedwali hata baada ya karatasi ya kujipima, ipeleke kwa aliyekuuzia pamoja na mistari yako miwili. Zipo zenye programu ya ndani yenye kasoro, na hizo hutazirekebisha kwa Python.

Kabla ya kumwita yeyote, simamisha kazi ya usiku, unakili folda nzima kwenye flashi, na umwambie karani asihifadhi CSV yoyote kutoka Excel mpaka mmalize.